Mji usiopangwa huzaa wagonjwa

Ikiwa mtoto wako anakohoa mwezi baada ya mwezi, na umeshazunguka kliniki tatu ukabadilishiwa dawa mara nne, nakusihi ufanye jambo moja kabla ya kumwendea daktari wa nne. Simama katika chumba anacholala mtoto huyo, saa sita za mchana, taa ikiwa imezimwa. Je, unaweza kusoma gazeti hili? Chumba kina dirisha? Ukilifungua, unaiona anga, ama unaona ukuta wa jirani ambao unaweza kuugusa kwa mkono? Jiko la makaa mnaliwashia wapi? Huenda majibu ya maswali hayo yakakueleza mengi zaidi kuhusu kifua cha mtoto huyo kuliko chupa yoyote ya dawa.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida. Sikusomea uhandisi wala uchoraji wa ramani. Kila siku napokea watu wenye homa, kuhara, pumu, vidonda, shinikizo la damu na kisukari, nawaandikia dawa na kuwarudisha makwao. Hapo kwenye kuwarudisha makwao ndipo penye shida. Mgonjwa wa kuhara anarudi kwenye ploti ile ile ambako mfereji wa maji safi unapita ndani ya mtaro wa maji machafu. Mgonjwa wa kifua anarudi kwenye chumba kile kile cha watu sita. Baada ya wiki tatu yuko kwenye foleni tena, na pesa za karo zimekwisha kwa kununua dawa.

Msimamo wangu, ambao najua wenzangu wengine hawataupenda, ni kwamba sehemu kubwa ya magonjwa ya mijini tunayoyatibu ilianzia katika ofisi ya mipango ya mji. Ilianza pale mtu alipotia sahihi jengo la orofa nane lisimamishwe mahali ambapo bomba la majitaka lililazwa kwa ajili ya nyumba kumi. Ilianza pale uwanja wa watoto ulipogeuzwa ploti ya mtu. Kiswahili chetu kina neno moja, mpangaji, kwa yule anayekodi nyumba na kwa yule anayepanga mji. Mpangaji wa pili akilala kazini, mpangaji wa kwanza ndiye anayelazwa hospitalini.

Mabomba yalitangulia dawa

Usidhani haya ni mageni. Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho, jijini London. Daktari mmoja, John Snow, alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba akaona kwamba wengi wa waliokufa walikuwa wakichota maji katika pampu moja iliyokuwa Broad Street. Mpini wa pampu hiyo ukaondolewa. Miaka minne baadaye, joto la kiangazi liliufanya mto Thames unuke hata wabunge wakashindwa kuvumilia. Ndipo serikali ilipomruhusu mhandisi Joseph Bazalgette kujenga mtandao mkubwa wa mabomba ya majitaka, uliofunguliwa mwaka 1865. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, kiliua zaidi upande wa mashariki wa jiji, ambako kazi ya mabomba ilikuwa haijakamilika. Baada ya hapo London haikuona tena mlipuko mkubwa wa ugonjwa huo.

Sasa tazama miaka hiyo vizuri. Robert Koch alivitambua vijidudu vya kipindupindu katika miaka ya 1880. Dawa za kuua vijidudu tunazotegemea leo zilikuja karne iliyofuata. Kwa maneno mengine, ugonjwa huo ulishindwa na wachimba mitaro kabla madaktari hawajajua sura yake. Kifua kikuu nacho kilikuwa kimepungua sana Ulaya kwa miongo mingi kabla ya dawa yake ya kwanza, streptomycin, kugunduliwa mwaka 1943. Wataalamu hubishana kuhusu kilichochangia zaidi, lakini chakula bora, kutengwa kwa wagonjwa na nyumba zisizosongamana havikosi kwenye orodha yao.

Nairobi nayo ina historia yake, na si yote ya kujivunia. Mji huu ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli kwenye ardhi yenye kinamasi. Mwaka 1902 tauni ilizuka na soko la Wahindi likateketezwa kwa moto. Mwaka 1913 wakoloni walimleta Profesa W. J. Simpson kuchunguza usafi wa miji yetu, naye akapendekeza watu watengwe kwa rangi zao. Lugha ya afya ikatumiwa kuhalalisha ubaguzi: Mzungu akapewa vilima vyenye hewa, Mwafrika akasukumwa upande wa mashariki. Ndiyo sababu nasema mapema kwamba mipango ya miji si kitu kizuri kwa jina lake tu. Ikifanywa bila mwananchi, inaweza kuwa rungu la kumpigia.

Baada ya uhuru tulikuwa na nafasi ya kurekebisha. Mwaka 1973 ulitolewa mpango wa kukuza jiji hadi mwaka 2000. Mpango mkuu mwingine wa kushika nafasi yake ulikamilika mwaka 2014. Katika muda huo, jiji lililokuwa na watu zaidi kidogo ya nusu milioni katika hesabu ya mwaka 1969 lilifikia watu milioni 4.4 katika hesabu ya mwaka 2019. Watu hawakungoja ramani. Walijenga palipopatikana, kwa namna iliyowezekana, na wenye tamaa wakajenga kwa namna iliyowalipa.

Tunavyougua

Tuanze na hewa. Kifua kikuu huenea kwa hewa ambayo mgonjwa ameikohoa na wewe ukaivuta. Chumba chenye madirisha mawili yanayoelekeana huifukuza hewa hiyo. Chumba kisicho na dirisha huihifadhi kama debe lililofunikwa. Tembea Pipeline kule Embakasi, au baadhi ya vichochoro vya Huruma, uone majengo yaliyobanana hata wanaokaa orofa za chini huwasha taa mchana kutwa. Mtu mmoja akiugua hapo, jamaa na majirani wote wamo hatarini, nami nikimpa dawa za miezi sita sijagusa chanzo.

Tuje kwenye jua. Mwili hutengeneza vitamini D kwa msaada wa jua, na mtoto anayeikosa mifupa yake hulainika, miguu ikapinda. Hayo ndiyo matege. Katika nchi inayopitiwa na ikweta, ambako jua ni la bure, bado tunawaona watoto wenye matege katika mitaa iliyosongamana. Mama si mvivu. Anaishi orofa ya tano, hakuna ua, hakuna uwanja, na chini ni magari na mitaro. Ampeleke mtoto wapi?

Maji na choo hamhitaji kuelezwa sana. Kipindupindu kimetutembelea Nairobi mara kwa mara, ukiwemo mwaka 2015 na mwaka 2017, na kila kinapokuja tunafunga vibanda vya chakula na kuwafukuza mama mboga. Kibanda kina makosa yake, lakini hakikulaza bomba la majitaka, wala hakikupasua lile la maji safi. Wala msidhani ugonjwa huu unajua mipaka ya mitaa. Mwaka 2017 uliwapata watu waliokula katika hafla za hoteli za jiji hili.

Halafu kuna sumu tunayoishi nayo. Jaa la Dandora lilianza miaka ya 1970 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori yaliendelea kumwaga taka kwa miaka mingi baadaye. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa uchunguzi wa watoto 328 wa sehemu hiyo, na karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubaliwa wakati huo. Kule Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru kilijengewa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ubavuni mwake. Baada ya miaka ya kupigana wakiongozwa na Phyllis Omido, wakazi walishinda fidia ya shilingi bilioni 1.3 mahakamani mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha Desemba 2024. Risasi hudumaza ubongo wa mtoto, na hakuna hundi inayorudisha akili iliyopotea. Kazi ya mipango ya mji ilikuwa kusema hapana siku ya kwanza.

Na wale wenzangu wa Kilimani na Kileleshwa wanaofikiri habari hii ni ya mabanda, wangoje kidogo. Mitaa hiyo ilipangwa kwa nyumba za familia moja moja zenye bustani. Leo panapokuwa na bangaloo moja husimama jengo la familia makumi, kila moja na gari lake. Njia za miguu zimekuwa maegesho. Mgonjwa wangu wa shinikizo la damu namwambia atembee. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate mazoezi ya wastani yasiyopungua dakika 150 kwa wiki. Ananiuliza, "Daktari, nitembee wapi, barabarani nikanyagwe na matatu?" Ana haki ya kuuliza. Mwaka 2023 zaidi ya watu 4,000 waliuawa na ajali za barabara nchini, na waliokufa zaidi ni waendao kwa miguu. Tunajenga barabara kwa wenye magari katika jiji ambalo watu wengi huenda kazini kwa miguu au kwa matatu.

Mwisho ni vifo visivyongoja ugonjwa. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la orofa liliporomoka Huruma, karibu na mto, likaua watu wapatao 50. Lilikuwa limeshawekwa alama ya kubomolewa, lakini watu waliendelea kulipa kodi ndani yake. Katika mvua za Machi hadi Mei 2024, zaidi ya watu 250 walikufa kwa mafuriko nchini. Mto ukinyimwa kingo zake huja kuzidai usiku.

Je, mipango ni anasa?

Wako wanaosema, tena kwa nia njema, kwamba mipango ni anasa ya matajiri. Maskini anataka chumba cha bei nafuu karibu na kazi. Ukidai madirisha, vyoo na nafasi, kodi itapanda na maskini atasukumwa mbali zaidi. Hoja hii ina uzito na sitaipuuza. Mara nyingi neno "mipango" limefika mitaani likiwa limepanda tingatinga. Novemba 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga waliona nyumba zao zikibomolewa kupisha barabara. Baada ya mafuriko ya 2024, waliokuwa wamepoteza vitu vyao kando ya mito walibomolewa na kuta zilizobaki. Mtu aliyelala nje kwa baridi na mtoto mchanga hawezi kushukuru kwa afya njema.

Lakini tupige hesabu. Mkazi wa mabanda hununua maji kwa mtungi, na kwa kila lita hulipa zaidi ya mwenye mfereji nyumbani. Hulipia choo kila anapokwenda, au asubiri giza. Juu yake weka nauli ya kliniki, dawa, na siku za kibarua zilizopotea. Hicho chumba cha bei nafuu kina kodi ya pili ambayo haiandikwi kwenye risiti. Kwa hivyo swali ni kama tutamlipisha maskini gharama za kutopanga milele, ama tutapanga pamoja naye.

Kwamba inawezekana kupanga pamoja naye, Mukuru yenyewe ni ushahidi. Agosti 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la kupangwa. Zaidi ya familia laki moja zinakaa hapo. Wakazi walijipanga kwa vikundi vya nyumba kumi kumi, wakatoa maoni yao kuhusu maji, afya, shule na barabara, wakisaidiwa na vyuo vikuu na makumi ya mashirika. Badala ya kulazimisha barabara pana za vitabuni ambazo zingefukuza maelfu, walikubaliana njia nyembamba zaidi. Baadaye zikafuata barabara, mabomba na zahanati katika baadhi ya sehemu. Kazi haikuisha, na bomoabomoa ya 2021 iliitia doa kubwa. Hata hivyo imetuonyesha kwamba mtu anayeitwa mvamizi, ukimpa kalamu na ramani, anajua mahali pa kuweka choo kuliko sisi tuliosoma.

Tukumbuke pia kwamba nafasi iliyobaki ilibaki kwa sababu watu waliipigania. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kusimamisha jengo la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alipinga, akatukanwa hadharani, na mwishowe jengo halikujengwa. Miaka kumi baadaye alipigwa akitetea msitu wa Karura. Leo anayekwenda Karura kutembea ili apunguze sukari mwilini anatumia dawa ambayo mama huyo aliitolea damu.

La kufanya

Katiba ya 2010 imetupa haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, na haki ya makao yafaayo, usafi na maji salama katika kifungu cha 43. Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba Katiba hiyo hiyo iliipa kaunti huduma za afya na pia kazi ya kupanga makao na ardhi. Idara hizo mbili zina gavana mmoja na hazina moja. Tungetarajia zikae meza moja. Badala yake, zahanati inajaza rejista ya wagonjwa wa kuhara kutoka ploti fulani mwaka mzima, na ofisi ya mipango haiioni rejista hiyo kamwe.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, takwimu za magonjwa kutoka zahanati za kila wadi zipelekwe kwa wapangaji wa mji kila robo ya mwaka, na fedha za mabomba na mitaro zifuate zinakoelekeza. Pili, sahihi ya afisa wa afya ya umma kwenye michoro ya majengo iwe na uzito. Asipoona mahali majitaka yatakapokwenda, na mahali hewa itakapoingilia, orofa zisipande. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, tayari inaihesabu nyumba iliyosongamana au iliyo hatari kwa afya kuwa ni kero inayoweza kuondolewa kisheria. Mwenye nyumba ndiye ashtakiwe, si mpangaji afukuzwe. Tatu, kila wadi ichapishe orodha ya viwanja vya umma vilivyosalia, na ibandikwe kwa chifu, kanisani na msikitini, ili atakayekinyakua kimoja ajulikane mapema.

Nawe msomaji una kazi. Unapotafuta nyumba, usitazame rangi na vigae tu. Uliza majitaka yanakwenda wapi. Hesabu milango inayotumia choo kimoja. Angalia mahali watoto wanachezea, na kama kuna njia ya miguu kufika stejini. Ukiona kibao au tangazo gazetini kwamba ploti jirani inabadilishwa matumizi, usikipite. Siku za kutoa pingamizi ni chache, na anayenyamaza huhesabiwa kuwa amekubali. Kaunti ikiita mkutano wa maoni kuhusu mipango, nenda, hata kama ni Jumatano asubuhi na watu ni kumi na wawili. Watu kumi na wawili waliofika ndio watakaoandikwa kuwa ndio wananchi. Kama wewe una nyumba za kukodisha, toboa madirisha na uongeze vyoo kabla ya kuongeza orofa, kwa maana watoto wanaokohoa humo ndio wanaokulipia mkopo wa benki.

Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi yangu nimeona gharama ya ukuta huo, nayo hulipwa na mama aliyebeba mtoto mgongoni saa kumi za usiku akitafuta gari la kumpeleka hospitalini. Ufa wenyewe uko kwenye mtaa wako, na afisi inayopaswa kuuziba ina anwani, ina bajeti, na imechaguliwa kwa kura yako. Ibishie hodi.